Neno Nyapara na Kazi za Wazee: Juu ya Kutafuta Habari za Ukoo katika Singida

Mwingereza atakaye kujua baba wa babu yake alikuwa mtu wa kazi gani hana haja ya kwenda mbali. Tangu mwaka 1841 hesabu ya watu ya nchi yake huandika jina la mtu pamoja na kazi yake, na vitabu vya makanisa vya ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa tangu mwaka 1538. Hufungua kitabu, akasoma neno moja, "mhunzi" au "mshonaji", naye huona shughuli yake imekwisha. Mtu wa Singida hana kitabu cha namna hiyo. Hesabu ya kwanza ya watu iliyofanywa kitaalamu katika Tanganyika ilikuwa ya mwaka 1948, ikafuata ya 1957. Nazo humpa mtafutaji jumla za wilaya na makabila, wala hazimpi jina la mzee wake. Alicho nacho ni maneno yaliyosalia vinywani mwa watu: babu alikuwa askari, babu alikuwa karani, babu alikuwa nyapara.

Makala haya yana jambo moja la kueleza: ya kwamba mahali kama Singida jina la kazi ndilo hati yenyewe, na hati hiyo, kama hati nyingine yoyote, yapasa kuulizwa iliandikwa lini, kwa lugha gani, na ni nani aliyeinakili. Nimelichagua neno nyapara kwa kuwa lilikaribia kunifanya niandike uongo juu ya jiwe la kaburi.

Ukoo wa mama yangu ni wa Wanyisanzu, katika wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka wilaya ya Iramba mwaka 2012. Kwenye mahame yetu, karibu na mbuyu, pana kaburi moja la mawe yasiyochongwa. Watu walihama hapo wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na kaburi likabaki peke yake katikati ya mashamba ya uwele. Miaka michache iliyopita wajukuu na vitukuu wakaao Arusha na Dar es Salaam walichanga fedha ili walijengee na kuweka jiwe lenye maandishi. Kazi ya kutunga maandishi nilipewa mimi, kwa hoja kwamba nimesomea lugha mpaka ng'ambo, na itakuwa aibu elimu yote hiyo isitoshe mistari miwili. Nikaletewa karatasi yenye jina la marehemu, na chini yake maneno haya: "Nyapara wa Mkonge, Tanga".

Karatasi hiyo ilizua ugomvi. Kwa vijana, nyapara ni mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzake. Walitaka kujua babu alifungwa kwa kosa gani. Wazee hawakulijali gereza, ila walilikumbuka shamba. Mama yangu mkubwa alisema ni afadhali jiwe libaki tupu kuliko kumwandika mzee wao kwa jina la mtu wa fimbo, kwani alipokuwa mtoto alisikia habari za manyapara wa mkonge kutoka kwa watu waliopigwa nao. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyeitoa habari, hakurudi nyuma hata hatua moja. Mama yake alisema hivyo, yeye alikuwapo, na mimi pia nilikuwapo, tena nilikuwa na chombo cha kunasia sauti.

Ni kweli nilikuwa nacho. Mwaka 2003, nilipokuwa mwanafunzi, nilimrekodi bibi yangu kwa ajili ya zoezi la fonolojia. Nilitaka toni za Kinyisanzu, wala sikuwa na haja na wazee. Bibi alisema kwa lugha yake, na mjomba, mwanawe, akawa anatafsiri kwa Kiswahili kila baada ya sentensi chache. Baadaye niliichukua kanda hiyo hadi Ulaya, nikaisikiliza pengine mara mia mbili nikipima kupanda na kushuka kwa sauti, na katika mara zote hizo sikusikia alichokuwa akisema. Wenzangu wa kazi hii watanielewa.

Kabla ya kurudi kwenye kanda hiyo, yafaa tulitazame neno lenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi mwaka 1981, inalieleza neno mnyapara kwa maana ya msimamizi wa kazi, na ndivyo wengi wetu tulivyolijua kabla halijaingia gerezani. Walakini maana hiyo si ya kwanza. Katika Unyamwezi wanyampala, au wanyamphala, walikuwa wazee na wasaidizi wa mtemi, watu wa barazani pake. Misafara ya pembe na vitambaa ilipozidi katika karne ya 19 kwenye njia itokayo Bagamoyo kupita Mpwapwa, Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, wapagazi walilichukua jina hilo la heshima la nyumbani wakampa mkuu wa kundi lao njiani. Huyu bado alikuwa mtu mwenye hadhi: ndiye aliyenena na tajiri kwa niaba ya wenzake, na ndiye aliyewajua watu wake mmoja mmoja. Kutoka njiani neno likahamia kwenye tuta la reli na kwenye mashamba makubwa, likawa la msimamizi wa vibarua, yaani mtu wa bwana zaidi kuliko mtu wa wenzake. Hatimaye likaishia gerezani. Katika muda usiozidi sana miaka mia moja neno limeshuka kutoka baraza la mtemi mpaka selo.

Lakini halikushuka kila mahali. Katika Unyisanzu halikusafiri kabisa. Lilibaki nyumbani kwa maana yake ya awali, au maana iliyo jirani nayo. Hapo wanyampala walikuwa wasaidizi wa mtemi, wenye kazi zao katika mambo ya utawala na ya mvua, na kitovu cha hayo yote kilikuwa Kirumi. Msomaji atakaye kujua zaidi atazame kitabu cha Todd Sanders, Beyond Bodies, kilichochapishwa mwaka 2008, ambacho kinahusu mambo ya mvua ya Wanyisanzu. Utemi wenyewe ulifutwa na sheria mwaka 1963, lakini sheria haifuti maneno siku ileile. Kwa hiyo watu wa kizazi cha bibi yangu walikuwa na maneno mawili yenye shina moja: mnyampala wa nyumbani na nyapara wa ugenini. Kiswahili nacho kina watoto pacha wa namna hiyo. Jumbe alikuwa mtawala wa Mrima, na Wajerumani wakaueneza ujumbe huo bara; mjumbe ni mtu atumwaye, au mjumbe wa nyumba kumi. Hakuna Mswahili awachanganyaye, ila mgeni aliyejifunza lugha kwa kamusi ataweza kabisa kuwachanganya.

Kwa sauti, tofauti ya maneno haya mawili ni ya kawaida. Kiswahili kimeacha nazali ya kale mbele ya konsonanti zisizo na ghuna, kikasalia na mpumuo tu, ambao tahajia yetu haiuandiki. Lugha za Singida huvumilia mfuatano huo, kama yaonyeshavyo majina ya mahali kama Kinampanda, Nkungi na Nkinto. Mpala wa bara akitua pwani huwa para au pala. Tena l na r hubadilishana vinywani na kwenye kalamu. Jambo hili la l na r si dogo kwa mtafuta ukoo. Watu walewale wataandikwa katika hati Iramba, Ilamba, Nilamba na Wanyiramba. Na majirani zao wataandikwa Turu, Nyaturu, Rimi, Remi, hata Limi. Asiyelijua hili atafunga jalada sahihi akidhani amekosea mlango. Wanyaturu hujiita Arimi. Ofisa Mjerumani Eberhard von Sick, alipochapisha habari zao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliweka Walimi katika mabano baada ya jina Waniaturu. Hapo, kwa msomaji aliyezoea Kiswahili, jina la watu liligeuka kuwa jina la kazi.

Sasa narudi kwenye kanda. Nilipoisikiliza tena baada ya ugomvi ule, safari hii kwa ajili ya maana, jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa nazali. Bibi anasema mnyampala, m na p zikifuatana waziwazi, na l mwishoni. Mjomba anatafsiri: "Babu alikuwa nyapara." Hakudanganya. Alichukua neno la Kiswahili lililofanana zaidi na neno la mama yake, kama afanyavyo kila mkalimani mwenye haraka.

Dakika chache baadaye bibi anasimulia habari ya mtu aliyepanda "gari la Silabu" akaenda Tanga, na hapo hatumii neno mnyampala hata mara moja, anatumia manamba. Mjomba anatafsiri: "Basi babu akaenda Tanga kwenye mkonge." Babu wa kwanza na babu wa pili katika Kiswahili cha mjomba ni neno lilelile, na msikilizaji yeyote, mimi nikiwa wa mbele, atawafanya mtu mmoja. Lakini katika Kinyisanzu bibi alitumia maneno mawili mbalimbali ya udugu. Yule mnyampala alimtaja kwa neno la ndugu wa kiume wa mama. Yule wa gari la Silabu alimtaja kwa neno la baba. Kwa mjomba wangu, baba wa mama yake ni babu, na mjomba wa mama yake ni babu vilevile. Kiswahili hakikumpa njia fupi ya kuwatenga, naye hakuitafuta ndefu.

Katika ukoo wa Kinyisanzu kosa hili haliwezi kuitwa dogo, kwa sababu Wanyisanzu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba wa bibi ni mtu wa ukoo wetu hasa. Baba wa bibi ni wa ukoo mwingine, aliyeoa kwetu. Mtafutaji akitoka kwa Wanyaturu, ambao huhesabu kwa upande wa baba, akaenda Unyisanzu na mpango uleule wa maswali, ataleta mti ambao kila tawi lake ni kweli na mti mzima ni uongo.

"Nyapara wa Mkonge, Tanga" hakuwahi kuwapo. Alizaliwa katika tafsiri ya dakika chache, kwa kuunganishwa watu wawili: mmoja msaidizi wa mtemi, ambaye kwa maneno ya bibi "hakuvuka mto wowote mkubwa", na mwingine kibarua aliyekata mkonge na kufia huko. Kaburi chini ya mbuyu ni la yule asiyeondoka.

Nilimsomea mjomba yote hayo nyumbani kwake, kanda ikiwa mezani. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Sasa, mjomba, huyu wa Tanga amezikwa wapi?" (Mjomba na mpwa wengi huitana kwa neno hilo moja, hilo nalo ni mtego kwa mtafuta ukoo.)

Swali lake lilinitoa kwenye neno likanipeleka kwenye karatasi. Lakini hata huko, neno ndilo lililoniongoza. Silabu lilikuwa jina la mdomoni la ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa na chama cha wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944. Bibi alilitamka kama neno la Kinyisanzu, bila kusita, na katika neno hilo moja yamo maelezo yote ya tarehe niliyoyahitaji: baba yake hakuondoka kabla ya mwaka huo. Yaafikiana na umri wake, kwani husema alikuwa bado msichana mdogo, na vita vya Hitla vilikuwa havijaisha.

Manamba ni neno la kusikitisha kwa umbo lake. Ni namba iliyowekewa ma-, watu waliohesabiwa kwa wingi kabla hawajahesabiwa kwa majina. Na ajabu ni kwamba hata mmoja huitwa manamba, hana umoja wake. Alichokuwa nacho mkononi ni kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ambazo zilipaswa kukamilishwa ndani ya siku 42. Siku asiyofanya kazi haikutiwa alama, na kipande kisichojaa hakikulipwa kwa ukamilifu. Mtafuta ukoo na aangalie: kipande cha Kenya kilikuwa kitu kingine, cheti cha utambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Familia yenye wazee pande zote mbili za mpaka yaweza kulisikia neno moja na kudhani ni kisa kimoja.

Katika orodha za waajiri mtu wa Singida huenda asionekane kwa jina la kabila lake. Tangu siku za misafara, jina Mnyamwezi lilitumika pwani kwa wapagazi wa bara kwa jumla, na watu wengi walilikubali kwa sababu lilikuwa na sifa ya kazi: Mnyamwezi alijulikana kwa kubeba, kwa mwendo, na kwa kutotupa mzigo njiani. Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha jinsi desturi za kazi ya upagazi zilivyofuata mtindo wa Wanyamwezi hata kwa watu wasio Wanyamwezi. Kwa hiyo mjukuu wa Mnyiramba akikuta "Mnyamwezi" kwenye cheti cha babu yake, asikimbilie kusema babu alikuwa na mama wa Tabora. Pengine ameandikiwa kazi mahali pa kabila.

Askari nitalipita upesi, kwa kuwa hatari yake yajulikana. Aliyeitwa askari huenda alikuwa katika jeshi la Wajerumani, au katika K.A.R., au alikuwa polisi, au mlinzi wa duka usiku. Neno kariakoo ni bora zaidi kwa mtafutaji, maana lina tarehe: ni lile kundi la wachukuzi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililokiachia jina lake kitongoji cha Dar es Salaam. Mzee akisema "baba alikamatwa kariakoo", hana habari ya soko.

Nimeona pia kwamba fedha husaidia kuliko kalenda. Chukua usemi usikikao mara nyingi Singida: "Babu alijenga reli." Reli gani? Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Maana yake ilipita Manyoni na Itigi kati ya miaka hiyo miwili. Lakini katika miaka ya 1930 likajengwa tawi kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, nalo likang'olewa katika miaka ya 1940, hata vijana wengi hawajui kuwa liliwahi kuwapo kabla ya reli ya Singida waijuayo. Basi umwulize mzee babu alilipwa nini. Akisema rupia, tuko kwenye reli ya Wajerumani, kwani shilingi ilishika nafasi ya rupia kuanzia mwaka 1921. Akisema shilingi, tuko Kinyangiri. Akisema hela, hajasema lolote: heller ilikuwa sarafu ya Wajerumani tangu mwaka 1904, lakini neno lake liliishi baada ya sarafu kufa, na leo hata mtoto wa shule huomba hela. Neno lililofanikiwa sana halifai tena kwa kupimia tarehe.

Kwa Sekenke, katika Iramba, ambako dhahabu ilichimbwa tangu siku za Wajerumani, kuna familia zisemazo babu "alichimba rupia". Nilipolisikia mara ya kwanza nililichukulia kuwa mzaha. Lakini dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawana fedha. Na mtu aliyechimba miamba ile, kwa kweli, alichimba rupia.

Liko neno jingine ambalo limetupotosha kuliko haya yote, nalo ni kazi. Ukimwuliza mzee wa Singida kwa Kiswahili, "Mama yako alikuwa na kazi gani?" atakujibu, "Hakuwa na kazi, alikuwa akilima tu." Hilo "tu" limefuta maisha ya nusu ya wazee wetu. Katika maongezi ya namna hii kazi imekuwa na maana ya ajira: kazi ni ile yenye mshahara, karani na tarishi wake, na kwa hiyo orodha za kazi katika koo zetu karibu zote ni za wanaume, tena za wanaume walipokuwa mbali na nyumbani. Kwenye kanda yangu niliuliza swali hilohilo la kipumbavu, nikajibiwa hivyohivyo. Baada ya nusu saa, bila kuulizwa, bibi anaeleza jinsi mama yake alivyokwenda na wanawake wengine kuleta chumvi ya ziwa Eyasi, jinsi alivyofinyanga vyungu wakati wa kiangazi, na jinsi alivyoamshwa usiku kuzalisha. Huyo alikuwa mchukuzi, mfinyanzi na mkunga, na mjomba alikuwa amekwisha kutafsiri kwamba hakuwa na kazi.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kwa nomino. Nauliza kwa kitenzi na kwa chombo: alipoamka alifanya nini, alishika nini mkononi, alikwenda nacho wapi, alirudi na nini. Mtu ambaye hakupata jina la kazi yake hupata vitenzi vyake. Upande wa Itigi na Manyoni, nchi ya miombo na vichaka, mzee ambaye angeelezwa kuwa "mkulima" hujitokeza kuwa mrina asali, mwenye mizinga yake na mkataba wa nta na mwenye duka. Kwa sababu swali halikumtaka kazi, lilimtaka alichokuwa akipanda mtini kukitafuta. Na sharti jibu linaswe kwa lugha ya nyumbani kwanza, Kiswahili kifuate. Nasema hivi nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na silioni kuwa usaliti. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuongea na wazee wa makabila yote ya mkoa. Lakini kimepita njia ya msafara, reli na shamba, na kila kituo kimekiachia maana yake.

Juu ya hati zilizoandikwa, maneno machache yatosha. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yako majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Vitabu hivi vina nasaba nyingi za watemi, na karibu havina habari za mtu mwingine. Msomaji akumbuke, vilevile, kwamba kwa Wanyaturu utemi ulipandwa na serikali za kigeni juu ya watu wasiokuwa nao, na nasaba ya mtemi wa huko si jambo moja na ya mtemi wa Kirumi. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mna karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mila. Vitabu vya ubatizo vya misheni, Wakatoliki Makiungu, Walutheri Kinampanda na Kiomboi, huhifadhi majina na tarehe, na mara nyingine wasimamizi wa ubatizo, ambao kwa mtafutaji hodari ni ndugu waliojificha. Lakini katika vitabu hivyo vyote sijaona mahali ambapo mnyampala wangu angetofautishwa na nyapara kwa kalamu ya karani wa Kiswahili. Nazali ya bibi ndiyo iliyofanya hivyo.

Jiwe limekwisha wekwa. Limeandikwa jina la marehemu, na chini yake "Mnyampala wa Mtemi", kwa m na kwa l, na fundi wa Singida mjini alitaka mara mbili kunisahihisha. Mama mkubwa alikubali mara moja. Vijana hawakujua neno hilo, wakauliza, wakaelezwa.

Huyu wa Tanga bado. Nina jina lake la kwanza, nina mwaka ambao hakuondoka kabla yake, nina neno manamba, sina shamba. Msomaji aliyewahi kufanya kazi na orodha za vibarua za Tanga, Pangani au Korogwe za kati ya mwaka 1944 na mwisho wa miaka ya 1950, akikuta Wanyisanzu wameandikwa kwa jina hilo au kwa jina la Wanyiramba au la Wanyamwezi, atanisaidia sana kunipelekea habari kwa anwani ya jarida hili. Na wasomaji walio na Kikimbu, Kigogo, Kisukuma au Kisumbwa ninawaomba wapeleke umbo la neno mnyampala kama lilivyo katika lugha yao, wakitaja kama nazali hutamkwa, na kama mzee aitwaye hivyo alikaa barazani, njiani au shambani.